Saa za rubidi za mitumba zinahitaji bodi nzuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongee na mafundi wa redio, wakufunzi wa vyuo vya ufundi na wanafunzi wa elektroniki wa Dar es Salaam kuhusu kifaa kinachopatikana siku hizi kwenye mitumba ya elektroniki: saa ya rubidi, yaani kisanduku kinachotoa wimbi la megahezi 10 lenye usahihi mkubwa, iliyong'olewa kwenye minara ya simu. Wengi wanaipata, wanaiunganisha kwa waya mbili tatu, inagoma, wanaitupa kabatini. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni bodi ya kukipa umeme ulio sawa, kukipoza na kuutoa mdundo wake nje bila kuuchafua. Bodi hiyo inaweza kutengenezwa hapahapa, na ningependa kueleza jinsi yake kwa vipimo.

Kwanza, kazi yake. Fundi anayetengeneza redio ya VHF ya boti pale Feri anatakiwa ahakikishe kwamba chaneli 16 inatoka kwenye megahezi 156.8. Redio ya chomboni inaruhusiwa kukosea sehemu 10 tu kwa milioni, yaani kama hezi 1,568. Kaunta ya masafa ya bei nafuu ina kristali inayoweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, na kwenye masafa hayo hilo ni kosa la hezi 3,136. Kwa hiyo kipimo kina kosa kubwa kuliko kile kinachopimwa. Fundi anaweza kuiharibu redio nzima akidhani anairekebisha. Kaunta hiyohiyo, kama ina tundu la kupokea megahezi 10 kutoka nje, ukiilisha saa ya rubidi kosa la rejea (wimbi la kulinganishia) linashuka hadi sehemu ndogo ya hezi moja.

Neno atomu lisimtishe mtu. Ndani ya kisanduku kuna taa ndogo ya kioo yenye chembe za rubidi, na seli ya kioo yenye mvuke wa rubidi-87. Kristali ya kawaida ndiyo inayotoa wimbi. Sakiti inaikagua muda wote dhidi ya atomu hizo, ambazo huitika kwenye masafa ya hezi 6,834,682,610.9, na kristali ikiteleza inarudishwa mahali pake; hapo mafundi husema kifaa "kimeshika". Rubidi-87 ipo katika maumbile na nusu ya uhai wake ni karibu miaka bilioni 49, kwa hiyo mionzi yake si ya kuogopwa mezani. Cha kuepuka ni kuvunja vile vioo.

Aina zinazoonekana zaidi ni FE-5680A ya Frequency Electronics na LPRO-101 ya Efratom. Zinafanana kazi lakini hazifanani chakula, na hapo ndipo vifo vingi vya vifaa hivi vinapoanzia.

FE-5680A ya kawaida inataka volti 15 na, pembeni, volti 5 zenye takriban ampea 0.1. Inapoanza baridi inavuta karibu ampea 1.8 kwenye ile laini ya volti 15, kwa sababu inapasha oveni za taa na seli. Baada ya dakika chache inashuka hadi karibu ampea 0.8. Fundi akiona ampea 0.8 kwenye tangazo anaweka rejuleta (kidhibiti cha volti) ya LM317, ambayo mwisho wake ni ampea 1.5. Rejuleta inajibana, volti zinaporomoka hadi 11 au 12, oveni haifiki joto lake, na kifaa hakishiki hata kikae siku nzima. Hapo ndipo unasikia "hii imekufa".

Tumia LT1084, ambayo ni ya ampea 5. Weka rezista ya omu 121 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia, na ya omu 1,330 kutoka mguu wa kurekebishia kwenda ardhini. Utapata volti 15 na kidogo sana juu yake. Kwenye mguu wa kutolea weka kapasita ya tantalamu ya mikrofaradi 22, au ya kawaida ya mikrofaradi 150. Usiipuuze: bila hiyo rejuleta hujitetemea yenyewe, na mita ya kawaida itakuonyesha volti 15 safi huku oskiloskopu ikionyesha msitu. Kapasita nyingine ya mikrofaradi 10 kutoka mguu wa kurekebishia kwenda ardhini inapunguza uchafu unaotoka kwenye chaja.

Chaja ya laptopu ya volti 19 na ampea 3.42 inatosha kulisha bodi hii, na Kariakoo haina upungufu wa chaja. Piga hesabu ya joto: volti 19 kutoa 15 ni 4, mara ampea 1.8 ni wati 7.2 wakati wa kuwaka, halafu wati 3.2 kikishatulia. Rejuleta ifungwe kwenye hitisinki (chuma cha kutolea joto) ya kweli, si kipande cha bati la kopo. Volti 5 zichukue kutoka kwenye ile laini ya 15 kwa 7805, rejuleta ya volti 5. Hapo unapoteza wati 1 tu.

Sokoni kuna rejuleta zilizochapwa namba ya LT1084 ambazo ndani si LT1084. Kabla ya kuunganisha kifaa, pima bodi kwa taa ya indiketa ya gari ya volti 12 na wati 21. Kwenye volti 15 taa hiyo inavuta karibu ampea 2, yaani zaidi kidogo ya kifaa kikiwa baridi. Iache dakika 10 ukiangalia mita. Volti zikishuka chini ya 14.8, au rejuleta ikikata na kurudi, usiiamini.

Mlangoni mwa umeme weka fyuzi ya ampea 3, kisha transista ya MOSFET aina ya P inayozuia nyaya zikigeuzwa. Diodi ya kawaida pia inazuia, lakini inakula karibu volti 0.7, ambazo kwenye LPRO-101 utazijutia. LPRO-101 inakubali volti 19 hadi 32. Ukiilisha chaja ya laptopu ya volti 19 kupitia diodi, kisha waya mwembamba wa mita mbili, inapata 18 na nusu au chini, na inapoanza baridi kwa ampea 1.7 inashuka zaidi. Inashika leo, kesho haishiki, na fundi anatafuta ugonjwa kwenye taa. Ipe volti 24.

Kwa Dar es Salaam, kwa maoni yangu, njia iliyo bora kwa LPRO-101 ni betri mbili za volti 12 za saa-ampea 7, zile za mifumo ya kengele, ziunganishwe mfululizo na chaja ya kuzishikilia kwenye volti 27 hadi 27.6. Volti hizo ziko katikati ya kile kifaa kinachokubali, hakuna rejuleta ya kupasha joto, na umeme ukikatika saa inaendelea. Ikitulia inavuta karibu nusu ampea, kwa hiyo betri mpya zitaibeba saa kadhaa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kifaa kikizimika kinaweza kushika tena ndani ya dakika tano, lakini masafa yake huchukua saa nyingi kutulia pale yalipokuwa, na mara nyingine hayarudi palepale kabisa.

Chaja za pini mbili zina tatizo lao. Upande wa kutolea unaelea kwa karibu nusu ya volti 230 kupitia kapasita ndogo iliyomo ndani yake, na utahisi mchonyoto ukigusa boksi. Kumuunguza mtu hakuunguzi, lakini ukichomeka waya wa wimbi wenye konekta ya BNC huku kaunta ikiwa imefungwa ardhini, mshtuko huo unapita kwenye lango la kutolea wimbi. Funga ardhi ya bodi kwenye ardhi ya jengo kwanza, sehemu moja tu, ndipo uunganishe vingine.

Sasa konekta. FE-5680A ina konekta ya pini 9 inayofanana kabisa na ile ya kompyuta za zamani, na mfanano huo ni mtego. Kwenye aina iliyo ya kawaida, pini 1 ni volti 15, 2 na 5 ni ardhi, 3 ni alama ya kushika, 4 ni volti 5, 6 ni mpigo wa kila sekunde kwa zile zenye nao, 7 ni megahezi 10, 8 na 9 ni mawasiliano. Ukichomeka waya wa kompyuta moja kwa moja, pini 4 ya kompyuta hutoa volti hasi au chanya za RS-232 (mawasiliano ya mfululizo ya kompyuta), na hizo zinaingia kwenye laini ya volti 5 ya kifaa. Ndiyo sababu bodi yako iwe na konekta mbili zisizofanana, moja ya kifaa na nyingine ya kompyuta, na katikati nafasi ya MAX232, chipu inayogeuza volti za RS-232 kuwa za mantiki, yaani 0 hadi 5. MAX232 ya kawaida inataka kapasita za mikrofaradi 1. Zile za mikrofaradi 0.1 ni za MAX232A.

Zipo FE-5680A zilizotengenezwa kwa mahitaji ya mteja fulani, na nje hazina tofauti: nyingine zinatoa wimbi kwenye konekta ya SMA, na katika ukoo huo zipo pia saa zilizowekwa hezi 8,388,608, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 23, badala ya megahezi 10. Kwa hiyo usiichore bodi yako kwa kukariri. Weka jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomoa) kwenye pini 4, 6 na 7 ili uweze kubadilisha njia bila kukata shaba. Kabla ya umeme wa kwanza, pima kwa mita kwamba pini 2 na 5 kweli zinafika kwenye boksi. Ukishawasha, pima pini 9: laini ya RS-232 ikiwa imetulia hukaa kwenye volti hasi, kati ya 5 na 9 hivi, na hiyo huenda kwenye RS-232 ya kompyuta bila MAX232; ukikuta volti 3.3 au 5 chanya, hiyo ndiyo inayohitaji MAX232, na ukiiunganisha na RS-232 bila chipu hiyo utaiumiza.

Alama ya kushika ipo chini, karibu na sifuri, kifaa kikishika, na juu karibu na volti 5 kikiwa bado kinatafuta. Laini hiyo haina nguvu ya kuwasha taa. Pitisha kwa rezista ya kiloomu 10 hadi kwenye besi ya transista ya BC547, na BC547 iwashe taa nyekundu kupitia kiloomu 1. Nyekundu ikiwaka, usipime kitu: kristali inapanda na kushuka ikitafuta atomu, na kaunta itakuonyesha namba zinazotembea. Kwenye maabara ya wanafunzi ningekwenda mbele zaidi na kuifanya alama hiyo izime kabisa njia ya kutolea wimbi, kwa sababu mwanafunzi huangalia kaunta, haangalii taa.

Wimbi linalotoka ni la mviringo (sine), karibu nusu volti kwenye mzigo wa omu 50. Usilipeleke moja kwa moja kwenye vyombo vitatu kwa kugawa waya. Kila chombo kinachochomekwa au kuchomolewa kitalitikisa. Chipu moja ya 74AC04 yenye malango sita inamaliza kazi. Mlangoni weka rezista mbili za omu 100 sambamba ili upate omu 50, kisha kapasita ya nanofaradi 10, kisha rezista mbili za kiloomu 10 zinazoshikilia mlango kwenye volti 2.5. Lango la kwanza linalifanya wimbi kuwa la mraba. Lango la pili na la tatu yawe sambamba, kila moja na rezista ya omu 100 mbele yake, yatoe njia A. La nne na la tano yatoe njia B kwa namna hiyohiyo. Lango la sita lilishe sakiti ya kugawanya, ile ya PIC ninayoieleza mbele. Kila njia inatoa karibu volti 2.5 kwenye omu 50. Chipu hii ipewe 7805 yake peke yake, na kapasita ya nanofaradi 100 ikae milimita chache kutoka pini 14. Ikiwekwa sentimita tatu mbali, kingo za wimbi zinarudi kwenye laini ya umeme na unaanza kuona mawimbi ya ziada yasiyo na asili.

Usitumie 74HC04 kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani. Inafanya kazi, lakini ni ya polepole na haina nguvu ya kusukuma omu 50.

Chombo kinachotaka wimbi la mviringo kipewe kichujio: kapasita ya pikofaradi 270 kwenda ardhini, koili ya mikrohenri 1.3, kapasita nyingine ya pikofaradi 270. Kinapitisha megahezi 10 na kupunguza megahezi 30 kwa desibeli 24. Koili ya 1.2 inakubalika.

Waya wa BNC wa kamera za ulinzi ni wa omu 75, na mafundi wengi huukataa kwa sababu vyombo vya vipimo ni vya omu 50. Kwa mita moja au mbili utumieni bila wasiwasi. Megahezi 10 ndani ya waya ina urefu wa wimbi wa karibu mita 20, na mrejesho wa kipande kifupi hauharibu kitu kwenye rejea. Angalieni zaidi konekta zile za kukaza kwa skrubu, ambazo huachia kwa kutu ya hewa ya bahari. Zile za kubanwa kwa koleo yake hudumu.

Mpigo mmoja kwa sekunde unapatikana kwa PIC12F675, kompyuta ndogo ya chipu moja, inayochukua megahezi 10 kama saa yake. Amri ya kawaida inakula mizunguko 4, na ya kuruka inakula 8, yaani inahesabiwa kama amri mbili; kwa hiyo sekunde moja ni amri za kawaida 2,500,000 kamili. Programu iwe ya kuhesabu amri tu, bila ukatizaji, na kila tawi la programu liwe na idadi ileile ya amri. Tawi moja likizidi amri moja, unapoteza nanosekunde 400 kila mara linapopitiwa.

Joto nalo. Mchana wa Februari karakana ya bati huku kwetu inapita nyuzi 32, na FE-5680A ikitulia inatoa karibu wati 12. Oveni za ndani zinatakiwa ziwe na joto zaidi ya boksi muda wote. Boksi likipanda sana, oveni inakosa nafasi ya kudhibiti na kifaa kinaachia. Bila hitisinki kitashika asubuhi na kuachia saa nane mchana. Gerezani watakukatia bamba la alumini la milimita 6, sentimita 20 kwa 15. Lisugue liwe tambarare, paka grisi ya joto nyembamba kiasi cha chuma kuonekana chini yake, kaza skrubu zote za chini ya kifaa. Feni iwe ndogo, ya kasi isiyobadilika, ipulize bamba na isipulize kifaa. Feni inayowaka na kuzimika kwa kidhibiti joto inafanya masafa yapande na kushuka pamoja nayo. Na iwe mbali, kwa sababu ina sumaku. Uga wa sumaku huhamisha masafa ya atomu. Spika ya redio juu ya meza hiyohiyo ni kosa lilelile.

Bodi ikishapimwa na kufanya kazi, ipake vanishi ya bodi dhidi ya unyevu wa chumvi, lakini funika konekta na kipande cha kurekebishia.

Kuirekebisha kunahitaji rejea nyingine. Chukua mpigo wa sekunde wa moduli ya GPS yenye antena inayoona anga, ulinganishe na mpigo wa PIC kwenye oskiloskopu au kaunta ya muda. Usihukumu kwa dakika tano, kwani mpigo wa GPS wenyewe unacheza kwa makumi ya nanosekunde. Soma leo asubuhi, soma kesho saa ileile. Tofauti ikisogea nanosekunde 100 kwa saa 24, kosa ni kama sehemu 1.2 kwa trilioni. Ikisogea mikrosekunde 4, ni sehemu 5 hivi kwa bilioni mia, na hapo rekebisha. LPRO-101 ina skrubu yake. FE-5680A inarekebishwa kwa mawasiliano ya kasi ya 9600: baiti 2E 09 00 27, kisha baiti nne za namba ya marekebisho, kisha baiti ya ukaguzi ya hizo nne. Amri ya 2C huandika kwenye kumbukumbu ya kudumu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, kwa hiyo tumia 2E mpaka uridhike, ndipo utumie 2C mara moja.

Ulinganisho huu unamfaa fundi kwa kazi zake. Mwenye kuhitaji cheti cha kuonyesha mteja au mdhibiti apeleke chombo kwenye maabara ya metrolojia ya TBS pale Ubungo.

Kwa wakufunzi wa vyuo nina ombi moja. Bodi hii ina umeme, joto, mawimbi, mantiki na mawasiliano mahali pamoja, na vipande vyake karibu vyote vinapatikana kati ya Msimbazi na Mkunguni. Ipeni nafasi kwenye miradi ya mwaka wa mwisho, na kila kifaa kiwe na daftari lake: tarehe ya kuwashwa, ampea za kuanzia, dakika za kushika, tofauti na GPS kila wiki. Kwenye LPRO-101 ongezeni safu ya volti za taa. Zikikaribia 3 tafuteni kifaa kingine mapema.

Wako,
Fundi wa vyombo vya vipimo,
Kijitonyama, Dar es Salaam